Shanga Zilizoachwa Mezani

Inspekta Milcah Nangila alianza na kitambaa. Kilikuwa kitambaa cheupe cha meza, kimepigwa pasi kikanyooka, na katikati yake palikuwa na alama ya duara mahali kibuyu kilipokuwa kimesimama tangu maonyesho yafunguliwe. Kibuyu hakikuwepo. Kifuniko chake hakikuwepo. Lakini kando ya duara ile palikuwa na mkanda mzima wa shanga, nyekundu na njano na buluu, umekunjwa ncha juu ya ncha, taratibu kabisa, jinsi mama anavyokunja nguo za mtoto kabla ya kuziweka sandukuni.

"Hizi hamjazigusa?" akauliza.

Odongo, meneja wa mahali pale, alisema hajazigusa. Jana jioni alipokuwa akizima taa ndipo alipoona meza iko tupu, akapiga simu polisi, na tangu hapo hakuna mtu aliyeingia. Alikuwa mwanaume mrefu mwenye kofia ya sufu, na kila alipomaliza kusema neno alivuta kofia ile chini kidogo kama mtu anayesikia baridi.

Mahali penyewe palikuwa godauni la zamani karibu na stesheni ya Nakuru. Nangila alilijua tangu utoto wake, kwa maana baba yake alikuwa fundi wa reli na nyumba zao zilikuwa ng'ambo tu ya pale. Siku zile lilijaa magunia ya mahindi, na watoto walifukuzwa wasije wakayatoboa. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, taa zimetundikwa kwa ustadi, na watu walikuja kuangalia sanamu na picha na vyombo vya nyumbani vya makabila yaliyokaa Bonde la Ufa. Waliliita Godauni vilevile. Jina halikubadilika, kilichobadilika ni mzigo.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi, na mkuu wa kituo aliipenda hivyo hivyo. Kibuyu kilikuwa cha maziwa, cha nyumba moja ya Kipsigis kule Olenguruone. Kilikuwa kimeletwa kwa maonyesho na mwalimu mmoja aitwaye Kiptum. Jumamosi hii binti wa Kiptum, Jepleting, alikuwa anafanyiwa koito, ile sherehe ambayo watu wa mvulana wanakuja kumuulizia msichana, na mursik, maziwa ya mgando, ya siku hiyo ilikuwa itoke kwenye kibuyu hicho, jinsi ilivyotoka siku ya nyanya yake na siku ya mama wa nyanya yake. Kiptum alikuwa amepiga simu kituoni asubuhi hiyo akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya ghala.

Halafu kulikuwa na mgeni. Natalie, mwalimu wa uchoraji kutoka Shelisheli, amekuja Kenya likizo kuangalia sanaa na utamaduni wa nchi. Alikuwa amekuja Godauni siku baada ya siku kusimama mbele ya kibuyu kilekile. Alikuwa ameuliza kama kinauzwa. Jana mchana alikuwepo. Na polisi walipopekua chumba chake huko Milimani walikuta kibuyu ndani ya begi. Si kile kilichopotea, Odongo alikuwa amekiona na kusema sicho, lakini mkuu wa kituo alisema anayebeba kimoja hashindwi kubeba cha pili. Pasipoti ya mgeni ilikuwa kwenye droo ya mkuu huyo. Kesho Ijumaa, kibuyu kisipopatikana, Natalie angepelekwa kortini.

Nangila aliinama mpaka pua yake ikakaribia kitambaa. Kulikuwa na vumbi jeusi, laini kama wanja, limemwagika kidogo upande mmoja wa duara.

"Hii ni nini?"

"Mkaa," Odongo akasema. "Wanapaka ndani. Ndiyo inafanya mursik iwe na ile rangi."

"Na ilitokaje ndani ikaja hapa?"

Odongo aliinama naye akatazama. Nangila alikuwa na nusu ya jibu. Vumbi la ndani ya kibuyu kilichosimama wima halitoki lenyewe. Mtu alikiinamisha kabla ya kukichukua. Mwizi mwenye haraka hana sababu ya kuinamisha kitu. Huyu alikiinamisha ama aangalie ndani, ama anuse.

Akarudi kwenye shanga. Hizo ndizo zilizokuwa zikimsumbua tangu alipoingia. Kama ni mtu wa kuuza, basi rangi zile ndizo zingemvutia mnunuzi. Kama ni mtu wa kupenda vitu vizuri, basi ndizo nzuri. Akamuuliza Odongo kibuyu kilivaaje shanga hizi, na hapo kofia ilivutwa chini sana.

"Niseme ukweli, madam. Si zake. Nilizinunua kwa wale wauza vinyago wa barabarani. Kibuyu chenyewe kilikuwa cheusi tu, kina kamba ya ngozi, na ubavuni kuna mshono mahali kilipasuka kikashonwa. Nikaona wageni watapita bila kukiona. Nikakipamba. Na kifuniko nikakiweka kando, ili mtu aone ndani."

"Nani alijua kwamba shanga si zake?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

Alifikiri. "Mwenye kibuyu angejua. Lakini mwalimu hajarudi hapa tangu akilete."

Nangila alimwomba amtumie picha ya kibuyu, ile aliyopiga siku ya kwanza kabla ya kukipamba. Mshono ulionekana wazi, wa kano, mrefu kuliko kidole, mistari yake ikipishana kama nyayo za kuku. Kisha akamuuliza kama jana mchana aliona mtu mwingine yeyote karibu na meza. Odongo alisema wanafunzi wawili watatu wenye magitaa, pasta mmoja, na mama mmoja mzee aliyeingia peke yake, akatembea polepole, akaonekana kuchoka. Alimletea kiti. Kisha simu yake ikalia akaenda ofisini.

Mlangoni alikaa Owino, mlinzi, mtu wa makamo aliyezipiga buti zake rangi mpaka zikang'aa. Hakupenda kuulizwa. Alichukulia swali lolote kuhusu wizi kuwa ni swali kumhusu yeye.

"Madam, hapa hata nzi akipita namjua baba yake."

"Basi niambie nani alitoka jana mchana."

Akawataja. Vijana wa magitaa, aliwafungulisha hata mifuko ya magitaa. Pasta, alikuwa na Biblia tu. Kisha yule mgeni, na begi lake alilikagua mpaka chini: maji, kamera, ndizi moja imeiva sana.

"Kibuyu?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo mgeni alitoka mikono mitupu."

Owino aliona njia ile inampeleka wapi, akajaribu kurudi. Akasema labda alikitupa dirishani. Nangila akaenda kuyaangalia madirisha yote ya godauni, moja baada ya jingine, kwa nje na kwa ndani. Yote yalikuwa na waya, waya wote ulikuwa mzima, na kwenye pembe mbili buibui alikuwa amejenga nyumba ya siku nyingi. Aliporudi Owino alikuwa akizipangusa buti zake.

"Na mwingine aliyetoka?"

"Shosho mmoja mzee na mtoto mgongoni. Huyo hata mgeni ndiye alimshikia mlango. Sasa madam, mimi nitakagua shosho?"

Nangila akasema hapana, hilo haliwezekani. Wakati huo hakuona alichokuwa ameambiwa. Alikuwa na mlolongo wa mahali mgeni alipopita jana, na alitaka kuufuata kabla ya mvua ya mwezi wa tano kuanza.

Alianzia gereji moja upande wa viwandani, ambapo mabasi madogo ya abiria yalichorwa nyuso na maneno. Huko ndiko Natalie alikokwenda moja kwa moja kutoka Godauni. Mchoraji alikuwa msichana anayeitwa Jackie, suruali yake imejaa rangi kiasi kwamba ingeweza kutundikwa ukutani. Alikuwa amelala chali chini ya ubavu wa gari akimalizia mabawa ya tai.

"Niaje, madam," akasema bila kuinuka. "Ni juu ya Natalie? Huyo ni mtu poa. Mmemshika bure."

Alisimulia kwamba mgeni alikuja pale, akaomba kujaribu bomba la rangi, akachora wimbi la bahari chini kabisa ya bampa na mwenye gari akapenda. Nangila akamuuliza alikuwa amebeba nini. Begi lake tu. Alikuwa na hali gani? Jackie akatoka chini ya gari akajipangusa.

"Kimya. Siku zingine anaongea mbaya, hanyamazi. Na mikono yake ilikuwa inanuka moshi, si wa sigara, wa kuni. Nikamwambia leo unanuka kama shosho wangu wa Mau Narok. Hakucheka hata."

Hilo halikuwa jambo zuri kwa mgeni. Kibuyu cha maziwa hufukizwa na kupakwa mkaa, na harufu hiyo haimpati mtu kwa kupita karibu. Inampata kwa kushika. Nangila alilibeba neno hilo mpaka Milimani, chini ya miti yenye kudondosha maua kwenye barabara zilizotulia, akafika kwenye nyumba ya wageni akiwa na maswali mawili tu.

Natalie alikuwa barazani. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, nywele amezifunga kwa kitambaa, na mbele yake kikombe cha chai kilichofanya utando. Waliongea Kiingereza. Nangila alimwacha kwanza aseme safari yake, kwa maana mtu akieleza njia huwa anajikwaa mahali alipoficha kitu. Natalie alieleza michezo ya kuigiza aliyoiona Nairobi, na nyumba za picha, kisha Nakuru, ambako hakuna mtu aliyekuwa amemwambia aje. Alieleza mzee mmoja wa nyumba za reli anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, huku amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga mti wa ala kwa pete ile ili apate mdundo, na jinsi alivyomkemea Natalie kwa kukaa kwenye kiti kirefu kumzidi. Alieleza kwaya ya kanisa inayofanya mazoezi mpaka mwalimu wake anapoteza sauti. Kila mahali alionyeshwa kitu kizuri na kuambiwa bei yake.

"Na kibuyu kile?"

"Kile hakuna aliyeniambia chochote. Nilikuwa narudi kwa sababu hiyo. Nilidhani siku moja mtu atasimama hapo aniambie."

Nangila akaomba kuona kibuyu alichokuwa nacho chumbani. Kililetwa. Kilikuwa kipya, kimechorwa twiga, kimepakwa vanishi. Nangila akakifungua akanusa. Kilinuka duka la rangi. Kwa hivyo moshi wa mikononi haukutoka hapa, na hilo ndilo lilikuwa swali la pili.

"Jana mikono yako ilinuka moshi. Ulishika nini?"

Natalie alikizungusha kikombe mezani. Alichagua maneno kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni.

"Nilimsaidia mama mmoja mzee kufunga mtoto mgongoni. Leso yake ilikuwa inateleza."

"Mahali gani?"

"Pale ndani, karibu na mlango."

"Unamjua?"

"Hapana. Hakujua Kiingereza, na mimi sijui lugha yake. Alinishika mkono."

"Mtoto alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa ametulia sana," Natalie akasema, akaangalia bustani, na baada ya hapo hakusema lingine, hata Nangila alipomkumbusha juu ya kesho na korti.

Nangila alikuwa ameshika usukani na gari limeshawashwa alipolizima tena. Alikaa pale akiyapanga. Odongo alikuwa amemwona mama mzee akiingia *peke yake*. Owino alikuwa amemwona mama mzee akitoka *na mtoto*. Wanaume wawili, kila mmoja na nusu yake, na kwa sababu hakuna aliyemshuku mama mzee, hakuna aliyekwenda kumwambia mwenzake.

Alirudi Godauni, akawasimamisha pamoja. Walikubaliana juu ya leso, ya kijani yenye maua meupe. Walikubaliana juu ya raba zake za plastiki. Kisha wakafika kwenye mtoto.

"Mtoto gani?" Odongo akauliza.

"Si yule wa mgongoni," Owino akasema.

"Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mwavuli."

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, na Odongo, ambaye alikuwa mtu mwenye adabu hata akiwa na aibu, akachukua mwavuli uliokuwa umeegemezwa kwenye pembe ya chumba akamkabidhi Inspekta asiloe. Akasema Owino hatakasirika kuuazima. Owino akasema si wake, alidhani ni wa Odongo.

Nangila akaufungua palepale chini ya taa. Ulikuwa mkubwa, mweusi, mmoja wa ile inayogawiwa kwenye mikutano ya wafugaji. Ulikuwa umechorwa ng'ombe, na chini ya ng'ombe palikuwa pameandikwa: *Wakulima wa Maziwa, Olenguruone*.

Mtu anayehitaji mikono yake miwili nyuma kushikilia mzigo hawezi kubeba mwavuli.

Barabara ilipanda kupitia Njoro na Molo, ikapita Keringet, na kila kona hewa ilizidi kuwa baridi. Olenguruone mvua ilikuwa imekwisha nyesha na ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai. Boma la Kiptum lilionekana mbali kwa nguzo za hema zilizokuwa zikisimamishwa. Ng'ombe walikuwa wamefungwa upande ili wasikanyage nyasi za wageni.

Kiptum alimkimbilia langoni kabla hajazima gari. Alikuwa mwanaume mnene mwenye miwani, na alisimama kati ya Inspekta na nyumba kana kwamba angeweza kuificha.

"Tafadhali, Inspekta, tuongelee hapa. Mama hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba kimepotea. Hajui hata kwamba nilikitoa. Alikuwa ameenda kwa dada yake Keringet. Yule Odongo alikuwa ameniomba kitu cha zamani, nikafikiri nitakirudisha kabla hajahisi."

Nangila akamuuliza mama amerudi lini. Amerudi siku nyingi. Na kibuyu huwa kinakaa wapi? Kwenye rafu, nyumbani kwa mama, nyuma ya kiti chake, pamoja na vingine.

"Na wewe unakula wapi siku hizi?"

"Kwake. Jana usiku nimekula hapo."

"Hukuangalia rafu?"

Kiptum alitoa miwani akaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi. "Kwetu vibuyu ni vya akina mama. Mwanaume anapewa kikombe. Haangalii huko, hanyoshi mkono huko. Baba yangu alikufa bila kujua viko vingapi." Akairudisha miwani. "Siku ile niliangalia. Ndiyo maana siwezi kuangalia tena."

Nangila alimwambia asubiri nje, akachukua mwavuli, akabisha mlango.

Nyumba ilikuwa na joto na ilinuka moshi, harufu ileile. Mwanamke mzee, mfupi, aliyekonda alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi akitoa vumbi la mkaa kwenye ufagio mwembamba wa ukuti. Leso ya kijani ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Huyo alikuwa Jepkemei, mama yake Kiptum. Aliinua macho, hakuangalia sare ya polisi, aliangalia mwavuli.

"Umeniletea," akasema. "Asante, mama. Hiyo nilikuwa nimesahau."

"Chamgei, kogo," Nangila akamsalimu kwa lugha ya kwao, jinsi nyanya anavyosalimiwa.

"Chamgei. Kaa."

Akamimina chai kwanza. Nangila alikaa akaangalia rafu, kwa vile yeye hakukatazwa. Vibuyu vilikuwa vimepangwa kwa urefu. Cha tatu kilikuwa cheusi, kina kamba ya ngozi, kimefungwa kifuniko chake, na ubavuni mshono ulitembea kama nyayo za kuku. Akatoa simu, akalinganisha na picha. Mstari kwa mstari.

Jepkemei alimwacha amalize. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili kilichokatika hapa na pale. Jirani alikuwa amesema huko Nakuru kuna nyumba watu wanalipa kuona vibuyu. Yeye alikuwa amerudi kutoka Keringet, amekuta mahali patupu kwenye rafu, hakusema. Akashuka Nakuru peke yake.

"Nikaona yangu. Imesimama juu ya meza, mdomo wazi, imekauka. Wamevalisha shanga ya sokoni. Nikainamisha, nikanusa. Baridi." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe. "Hii ng'ombe alipiga teke, mama yangu akashona. Mimi nilikuwa mdogo, nilishika taa."

"Kwa nini hukumwambia meneja ni chako?"

Jepkemei alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Niseme nini? Mbele ya watu, niseme mtoto wangu amechukua kibuyu ya mama yake?"

Kwa hivyo alikuwa amekunja shanga, kwa sababu hazikuwa zake na hakutaka kuondoka na kitu cha mtu. Alikuwa amekifunga mgongoni. Usiku uleule alikipaka mkaa akakijaza maziwa, ili Jumamosi yawe tayari. Na tangu hapo alikuwa akingoja.

"Kiptum anakuja, nampa chakula. Kibuyu iko hapa, nyuma ya kichwa yangu. Anakula, anaangalia sahani. Nampa chai. Nangoja aniambie."

Nangila aliweka kikombe chini. Akamweleza juu ya mgeni, polepole, bila kuongeza: begi lililopekuliwa, pasipoti kwenye droo, korti ya kesho. Mkono wa mama yule ulitulia juu ya ufagio.

"Yule mwenye kitambaa kichwani?"

"Huyo."

"Yeye alijua." Jepkemei alisema hivyo kwa sauti ya chini. "Leso iliteleza, akashika kutoka chini, akajua si mtoto. Nikamwangalia. Akaifunga tena, akakaza zaidi ya mimi. Na akafungua mlango." Akasimama, akachukua leso kwenye msumari. "Twende. Mimi ndiye mwizi, nitamwambia mkubwa yako."

"Aliyeshtaki si wewe, kogo. Ni mwanao. Yeye ndiye wa kuondoa mashtaka, na hawezi kuyaondoa bila kusema kilikuwa chako na hakukuomba. Ikiwa atakataa, nitalazimika kukichukua hiki kama ushahidi."

Jepkemei aliangalia rafu. Maziwa yakitikiswa sasa yangeharibika, na maziwa mengine yasingewahi kuiva kabla ya Jumamosi. Alikwenda mlangoni akamwita Kiptum kwa jina lake la utotoni.

Mwalimu aliingia akiwa ameinamisha kichwa, macho kwenye sakafu, akatafuta kiti chake cha siku zote.

"Usikae," mama yake akasema. "Geuka. Angalia."

Hakugeuka. Mama akarudia, kwa lugha yao, na safari hii Kiptum aliinua macho kutoka sakafuni, yakapita miguu ya kiti, yakapita leso, yakafika kwenye rafu. Nangila aliona bega lake likishuka. Nje mtu alikuwa akigonga kigingi cha hema, akaacha, akagonga tena.

"Mama," akasema, "nilikichukua mimi."

"Najua. Sasa kunywa chai, kisha uende na huyu mama ukamwambie mkubwa wake hivyo hivyo."

Alikunywa amesimama. Jepkemei alimsindikiza Inspekta mpaka kwenye gari, akashika dirisha lake, akampa ujumbe wa kupeleka Milimani.

Kiptum aliandikisha maelezo yake jioni hiyo, akatia sahihi bila kuyasoma mara ya pili. Mkuu wa kituo alinung'unika juu ya watu wanaopotezea serikali mafuta ya gari, kisha akafungua droo.

Asubuhi ya Ijumaa Nangila aliikuta baraza ileile, na sanduku la Natalie limefungwa tayari kando ya mlango, la kwenda popote atakapopelekwa. Akaiweka pasipoti mezani. Natalie aliigusa kwa kidole kimoja, hakuichukua.

"Mwenyewe amekipata?" akauliza.

"Hakikupotea kwake. Wewe ulijua."

"Nimefunga watoto wa dada zangu mgongoni maisha yangu yote," Natalie akasema. "Yule hakuwa na miguu."

"Ungeweza kulala ndani leo. Kwa nini hukusema?"

Natalie alifikiri. "Nimeona watu wengi mwezi huu wakisimama mbele ya kitu kizuri. Wanapiga picha, wanasogea. Yeye alikiongelesha. Alikifutia vumbi mdomoni kwa kidole, kama mtoto aliyetoka kula. Nikajua ni chake, lakini sikuwa na lugha ya kukuthibitishia. Ningesema tu kwamba nilimwona mama mzee akitoka nacho, na wewe ungeandika hivyo."

Nangila hakubisha. Angeandika hivyo.

"Amekutumia salamu," akasema. "Anasema kibuyu kinafunguliwa kesho, na aliyekifunga awepo. Nimemwambia labda ndege yako ni leo."

"Ni leo." Natalie akaangalia sanduku, kisha pasipoti, kisha akatoa simu kuitafuta namba ya kampuni ya ndege. "Niende na nini? Hapa mtu akialikwa anabeba nini?"

"Mikono tu. Anasema kuna wajukuu, na mama zao watakuwa jikoni. Watataka mtu wa kuwafunga mgongoni."

Natalie aliinua uso kutoka kwenye simu.

"Hawa wana miguu?"

"Wanayo," Nangila akasema. "Na wanapiga teke."